Kiatu Chepesi kwa Mguu Uliowahi Kuumia



Akina mama wengi wanaotuandikia hutuuliza masuala ya twahara, ya eda na ya malezi. Juma hili tumekusudia kuzungumza juu ya viatu, na hatuoni kwamba tumetoka nje ya mlango wetu. Mguu ni amana. Ndio unaompeleka mtu msikitini, sokoni, kwa jamaa mgonjwa na makaburini. Na aliyewahi kuumia kifundo anajua jinsi thamani ya amana hiyo inavyodhihiri siku inapopungua. Basi tunaandika kwa ajili ya kila aliyewahi kuteguka au kuvunjika mguu, akapona, kisha akabaki na hofu ya kutembea.

Sisi ni watoto wa pwani. Tulikulia kwenye mchanga na vichochoro, tukivaa ndara siku za kazi, makubadhi siku za Idi, na mitalawanda ndani ya nyumba. Ardhi ya kwetu ni tambarare, na mguu wa mpwani haukufundishwa mlima. Kisha Mwenyezi Mungu akatujaalia kazi ya kusomesha Bahati, kaskazini mashariki ya Nakuru, kwenye njia iendayo Subukia na Nyahururu. Huku mtu huishi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi iko Menengai, kasoko kubwa ya volkano yenye upana wa kilomita 12 hivi, ambayo kilele cha ukingo wake kina mita 2,278. Udongo ni wa majivu ya volkano: wakati wa kiangazi huwa vumbi laini lililochanganyika na changarawe inayoviringika chini ya unyayo, na masika yakiingia huwa tope linaloteleza kama sabuni.

Katika ardhi hiyo kifundo chetu cha kulia kimeteguka mara tatu ndani ya miaka kumi: mara ya kwanza kwenye mteremko wa mvua, ya pili kwenye shimo lililofunikwa na nyasi, ya tatu tukishuka garini. Na katikati ya hayo jiwe la ujenzi likaangukia mguu wa kushoto, likavunja mfupa mmoja wa wayo. Yote hayo ni majaaliwa, wala hakuna wa kulaumiwa. Lakini mguu ulioumia hivyo haurudi kuwa kama ulivyokuwa, na mwenyewe inampasa ajue namna ya kuishi nao.

Liko jambo moja lililotusukuma tulifikiri suala hili kwa dhati. Katika vilima vya Bahati, tunapomsindikiza maiti, aghalabu gari huishia barabarani, na masafa yaliyobaki ni ya miguu, kwenye kijia chembamba chenye mteremko. Jeneza hubebwa kwa zamu. Mbebaji mmoja akiyumba, jeneza zima huyumba, na nyuma yake wapo jamaa wenye majonzi wanaotazama. Vijana, kwa adabu zao, walikwisha anza kutuambia: "Sheikh, wewe panda gari, utukute huko." Ni maneno ya heshima, lakini yana uzito wake. Anayeambiwa hivyo leo juu ya jeneza, kesho ataambiwa juu ya kumzuru mgonjwa wa kilimani, na keshokutwa juu ya swala ya Alfajiri. Hivyo ndivyo dunia ya mtu inavyofinyika, hatua moja baada ya nyingine, hata ikabaki chumba na kitanda. Na tumewaona akina mama wengi zaidi ya wanaume wakifikwa na hali hiyo, kwa kuwa mama akiumia mguu huambiwa apumzike, na kupumzika kwake hakuwekewi mwisho.

Sasa tuingie katika suala lenyewe. Mtu aliyeumia kifundo akiuliza avae nini, jawabu analopewa na kila mtu ni moja: avae buti nene, zito, lenye shingo ndefu, limshike mguu. Sisi tulivaa buti la namna hiyo miaka kadhaa, nalo lilitutumikia kwa uaminifu kwenye tope. Hata hivyo, jawabu lililozoeleka hustahiki kupimwa, nasi tulilipima kwa mizani ya jikoni. Jozi ya buti letu ilikuwa na kilo 1 na gramu 600. Jozi ya viatu vyepesi vya kutembelea milimani, vyenye shingo fupi, ilikuwa na gramu 700. Tofauti ni gramu 900, yaani gramu 450 kwa kila mguu.

Mtu atasema gramu 450 si kitu. Ni chini ya pakiti ya nusu kilo ya chumvi. Lakini tufanye hesabu. Katika kilomita moja mtu wa kimo cha kati hupiga hatua kama 1,400, yaani kila mguu huinuliwa mara 700. Zidisha gramu 450 kwa 700, utapata kilo 315. Kwa mwendo wa kilomita 5, kila mguu utakuwa umeinua kilo 1,575 za ziada: magunia kumi na saba na nusu ya mahindi, gunia la kilo 90. Ni kweli kwamba uzito huo huinuliwa kidogo kidogo, na kwa kimo kifupi tu. Lakini misuli inayouinua ni ileile inayotakiwa kukilinda kifundo, na misuli iliyochoka huchelewa. Watafiti wa jeshi la Marekani walipopima jambo hili katika miaka ya 1980 waliona kwamba uzito unaobebwa mguuni humgharimu mtu nguvu karibu mara tano au sita kuliko uzito uleule ukibebwa kiwiliwilini. Ndiyo sababu sisi twaona kuwa chupa ya maji mgongoni ni nyepesi kuliko buti zito mguuni, ingawa mizani husema kinyume.

Tukija kwenye shingo ya kiatu, hapa pia iko dhana inayohitaji kuangaliwa. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti nchini Marekani uliowahusu wachezaji 622 wa mpira wa kikapu wa vyuo, waliogawanywa kwa kura, baadhi wakavaa viatu vya shingo ndefu na wengine vya shingo fupi. Haikuonekana tofauti kubwa ya kuteguka baina yao. Uwanja wa mpira si mlima, na hatudai kwamba utafiti mmoja ndio neno la mwisho. Lakini unatufundisha kwamba shingo ya kiatu peke yake si ngome. Kinachokilinda kifundo kwanza ni kano na misuli yake, na ile hisia ya ndani inayomjulisha mtu, kabla hajatazama, kwamba unyayo umekanyaga upande.

Hisia hiyo hudhoofika kifundo kinapoteguka, na hapo ndipo penye siri ya kuteguka tena na tena. Aliyeteguka mara moja yumo katika hatari zaidi ya kuteguka mara ya pili. Dawa yake ni mazoezi, nayo hayana gharama. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mkono ukiwa tayari kushika, kwa nusu dakika. Kisha badilisha mguu. Ukizoea, fanya hivyo ukipiga mswaki. Ukizidi kuzoea, simama juu ya mkeka uliokunjwa. Kisha inua visigino polepole, ushushe polepole, mara kumi au kumi na tano. Tafiti nyingi zimethibitisha kwamba mazoezi ya namna hii hupunguza kuteguka upya, na kwamba aliyewahi kuumia hunufaika pia na mkanda wa kufungia kifundo anapokwenda mahali pa hatari. Sisi tuliyafanya kila siku baada ya Alfajiri kwa miezi mitatu kabla ya kubadilisha kiatu, nasi twasema kwa yakini: kiatu chepesi bila mguu ulioimarishwa ni nusu ya kazi.

Hata hivyo, asije mtu akaruka kutoka buti zito hadi kwenye kiatu chembamba mithili ya karatasi. Katika Bonde hili la Ufa wapo wakimbiaji waliokulia peku, na mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu yao, wakieleza kwamba aghalabu hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo badala ya kisigino. Watu wengi duniani wakashika habari hiyo wakavua viatu. Lakini miguu ile ilizoezwa tangu utotoni, na mifupa ya mtu mzima aliyevaa soli nene miaka hamsini haizoei kwa juma moja. Wako walioumia mifupa ya nyayo kwa haraka hiyo. Tumkumbuke Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki peku huko Roma mwaka 1960, kisha akashinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa amevaa viatu. Funzo letu humo ni kwamba mguu ndio asili, na kiatu ni msaidizi.

Basi anayekwenda kununua azingatie mambo haya.

La kwanza, ajue alichoumia. Aliyeteguka kifundo anahitaji soli pana iliyo karibu na ardhi, kwa maana soli ndefu kama tofali humweka juu, na ikiinama upande humwangusha kwa nguvu zaidi. Anahitaji pia sehemu ya nyuma, penye kisigino, iwe imara. Aibonyeze kwa kidole gumba, ikilegea kama kitambaa aiache. Aliyevunjika mfupa wa wayo anahitaji soli ngumu kidogo katikati, isiyokunjika ovyo na kuusumbua mfupa.

La pili, akipime kiatu kwa mikono. Akishike mbele na nyuma, akikunje: kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya wayo. Kisha akisokote kama anayekamua nguo: kikisokoteka chote kwa wepesi, hakimfai aliyeumia.

La tatu, aende alasiri, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na avae soksi zile atakazotembea nazo. Baina ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paweko nafasi ya upana wa kidole gumba, maana wakati wa kuteremka mguu husogea mbele, na kucha za asiyeacha nafasi huwa nyeusi. Akina mama tunawakumbusha jambo la ziada: baada ya uzazi miguu ya wengi hupanuka na kurefuka kidogo, na haidhuru mtu kukubali namba mpya. Kiatu cha namba ya siku za ujana ni pambo la kabati, hakifai safari ya kilimani.

La nne, asidanganyike na mitumba, wala asiidharau. Kwenye mitumba hupatikana viatu vizuri kwa bei ya rehema. Lakini kiweke kiatu mezani, ukitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, mwenyewe wa mwanzo alikwisha kukifundisha mwendo wake, nacho kitakuvuta upande huo huo. Na uibonyeze soli. Ile povu ya ndani iliyokauka haina huruma tena kwa kisigino.

La tano, kamba. Mtu hununua kiatu kizuri akaifunga kamba kiholela, kisigino kikawa kinapanda na kushuka. Tumia tundu la mwisho la juu, lile ambalo wengi huliacha wazi: pitisha kamba ifanye kitanzi kila upande, kisha upitishe kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, ndipo ukaze na kufunga. Kisigino kitatulia mahali pake. Na mama mwenye buibui aangalie pindo kabla ya kuteremka. Wengi huanguka kwa kukanyaga pindo, kisha lawama ikaangukia kiatu.

La sita, aanze kidogo kidogo. Dakika kumi na tano siku ya kwanza, nyumbani na kwenye njia nzuri. Juma la pili nusu saa. Kisha vilima vifupi. Akihisi maumivu yanayozidi siku hadi siku mahali pamoja pa mfupa, asimame, amwone mtaalamu wa tibamaungo au daktari.

Na kwa kuwa tumetaja daktari, liko jambo ambalo kila nyumba inafaa ilijue. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, waliweka kanuni ya kujua ni nani aliyeumia kifundo anayehitaji kupigwa picha ya eksirei. Kwa ufupi: asiyeweza kupiga hatua nne, au mwenye maumivu akibonyezwa kwenye mfupa wenyewe wa kifundo, upande wa nyuma au kwenye ncha yake ya chini, au kwenye mifupa ya katikati ya wayo, apelekwe hospitali, wala asiishie kukandwa kwa maji moto. Tumeona wanawake waliovumilia mfupa uliovunjika juma zima wakipika na kufua, kwa kudhani ni kuteguka tu. Kusubiri ni ibada, na kujitibu nako ni katika maamrisho.

Imebaki mas-ala ya fikihi, na hapa ndipo kiatu chepesi kinapomgusa Muislamu kwa namna isiyomgusa mwingine. Sheria imeturuhusu kupangusa juu ya khofu badala ya kuosha miguu katika udhu: mkaazi kwa siku moja na usiku wake, msafiri kwa siku tatu na masiku yake. Lakini katika masharti yake ni kwamba khofu zivaliwe baada ya udhu kamili, na zifunike mguu mpaka vifundo viwili. Buti la shingo ndefu, likiwa tohara na likitimiza masharti mengine, laweza kupanguswa. Kiatu chepesi cha shingo fupi hakifuniki vifundo, basi hakipanguswi peke yake. Mwenye kukichagua ajue hivyo tangu mwanzo. Sisi tumelitatua kwa khofu za ngozi nyembamba zivaliwazo ndani ya kiatu: tukifika mahali pa swala twavua kiatu, twapangusa khofu, na twaswali nazo. Kwa mama aliye safarini, anayeona haya kufunua miguu penye watu, ni wepesi mkubwa. Na mwenye bandeji au plasta ana hukumu yake ya kupangusa juu ya jabira. Amwulize mwalimu wake kulingana na hali yake.

Mas-ala mengine ni ya kikao. Kifundo kilichoteguka hulalamika zaidi katika tahiyatu kuliko mlimani, kwa jinsi mguu unavyokunjwa. Asiyeweza kukaa iftirashi wala tawaruki akae anavyoweza, hata kwenye kiti, wala asione swala yake imepungua. Kukilazimisha kifundo kinachopona si uchaji.

Na kwa wanaojiandaa kwenda Hija au Umra: saai baina ya Safa na Marwa peke yake ni zaidi ya kilomita 3, kabla hujahesabu tawafu na safari za Mina na Arafa. Mwanamume aliyehirimia hana ruhusa ya kuvaa viatu vya kufunika. Achague kandambili zenye soli imara, azizoeze miezi kabla. Mwanamke ana ruhusa ya kuvaa viatu vyake na soksi, basi mama aliyewahi kuumia asijinyime kiatu chepesi kilichofungika vizuri. Vilima vya kwetu, hata ngazi za nyumba, vinatosha kuwa mazoezi yake.

Ama sisi, twashukuru. Buti lingali lipo nyuma ya mlango, na masika makali tunalivaa. Siku nyingine twavaa kile chepesi. Mwezi uliopita tulimsindikiza bibi mmoja mcha Mungu kwenye kijia cha mteremko, tukashika zamu yetu ya kubeba, na kifundo kikanyamaza. Hatukupanda gari. Mbele yetu alikuwako kijana aliyevaa ndara zilizokatika gidamu, akiteleza kila hatua, nasi tukamwambia avue atembee peku, kwani mguu wake mchanga na mzima ulimtosha.

Tunawanasihi waume na watoto: mama akisema mguu unamwuma, msimwambie tu akae. Mpelekeni apimwe, mnunulieni kiatu kinachomfaa kabla ya sahani nyingine za kabatini, na mtembee naye jioni hata nyumba tatu. Anayetembea hadi kwa jirani leo, kwa idhini ya Mola, atatembea hadi Arafa.

Mwenyezi Mungu aithibitishe miguu yetu duniani, na aithibitishe siku itakapoteleza miguu ya wengi. Amin.